Mtu mzima 1 kati ya 9, 1 kati ya 7, au zaidi ya theluthi? Naomba ufafanuzi wa takwimu za kisukari na wa kipimo changu cha 5.8

Msomaji wa Jioni anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina umri wa miaka 44, uzito wa kilo 83 na urefu wa sentimita 174, na hakuna mtu aliyewahi kuniita mnene. Mama yangu mzazi anaishi na kisukari aina ya 2 tangu alipokuwa na miaka hamsini na kitu. Wiki mbili zilizopita nilipimwa sukari asubuhi kabla sijatia kitu kinywani, na majibu yakawa milimoli 5.8 kwa lita. Pembeni ya nambari hiyo palikuwa pamepigwa chapa neno "kawaida". Siku chache baadaye nilikwenda kwa daktari mwingine kwa jambo lisilohusiana kabisa na sukari, akaiona karatasi ileile, akaizungushia nambari duara kwa kalamu na kuniambia kwamba nimo katika hali ya kabla ya kisukari. Damu ni moja na nambari ni moja, lakini nimetoka hapo nikiwa watu wawili.

Nilipoanza kujisomea nikachanganyikiwa zaidi. Mahali pamoja nimesoma kwamba mtu mzima 1 kati ya 9 duniani ana kisukari, mahali pengine ni 1 kati ya 7, na pengine nikakuta kwamba zaidi ya theluthi ya watu wazima wako katika hali ya kabla ya kisukari. Haiwezekani nambari zote hizi ziwe sahihi kwa wakati mmoja, au inawezekana?

Maswali yangu ni matatu. Takwimu hizi zinahesabiwa vipi hata zikatofautiana kiasi hicho? Kipimo cha 5.8 kina maana gani? Na kwa mtu kama mimi, ni vihatarishi vipi vyenye uzito kweli na vipi ni maneno ya watu tu? Naomba nisijibiwe kwa mkato kwamba "punguza sukari", kwa sababu hilo nimekwisha kuambiwa na kila mtu, hata na wasioulizwa.

---

Mpimaji wa Kaya anajibu:

Ndugu Msomaji wa Jioni, kwa miaka mingi nimefanya kazi katika tafiti za kaya, zile ambazo mtu hubishiwa hodi nyumbani kwake, akaulizwa maswali, akapimwa uzito na kiuno, kisha akatolewa damu. Nitajibu swali lako la kwanza, na la kipimo nitawaachia wanaokaa na vipimo.

Nambari ya 1 kati ya 9 inatokana na makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, ambayo yanasema kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 wenye umri wa miaka 20 hadi 79, yaani asilimia 11.1 ya watu wa umri huo, walikuwa wakiishi na kisukari. Nambari ya 1 kati ya 7 inatokana na mtandao wa watafiti unaojulikana kama NCD-RisC, ambao kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani ulichapisha katika jarida la The Lancet, Novemba 2024, makadirio ya watu wazima milioni 828 kwa mwaka 2022, sawa na takriban asilimia 14. Tofauti ya watu karibu milioni 240 haiwezi kuwa kosa la kujumlisha, na kwa kweli si kosa.

Kwanza, umri haulingani, kwa sababu NCD-RisC ilihesabu kila mtu kuanzia miaka 18 bila kikomo cha juu. Pili, na hapa ndipo penye uzito, NCD-RisC ilimhesabu kuwa na kisukari mtu yeyote ambaye sukari yake ya kufunga ilifika milimoli 7.0, au ambaye hemoglobini yake yenye sukari, ile inayoandikwa HbA1c, ilifika asilimia 6.5, au ambaye tayari anatumia dawa. Vipimo hivi viwili havinasi watu walewale. Yupo ambaye sukari yake ya asubuhi ni nzuri ilhali HbA1c yake imepanda, na yupo wa kinyume chake. Kwa hiyo ukipima kwa njia moja tu utawapoteza wale ambao njia nyingine ingewaona. Makadirio ya Shirikisho hukusanya tafiti za nchi mbalimbali, ambazo kila moja ilipima kwa utaratibu wake, na nyingi kati ya hizo zilitumia kipimo kimoja.

Hiyo "zaidi ya theluthi" ni takwimu ya Marekani, si ya dunia. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo kilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wazima milioni 97.6, sawa na asilimia 38, walikuwa katika hali ya kabla ya kisukari, na kwamba zaidi ya 8 kati ya kila 10 hawakujua. Kwa dunia nzima, Shirikisho linatoa nambari mbili zilizotenganishwa: watu milioni 635, au asilimia 12, ambao sukari yao hubaki juu saa mbili baada ya kunywa glukosi, na watu milioni 488, au asilimia 9.2, ambao sukari yao ya kufunga imepanda bila kufika kiwango cha ugonjwa. Tafadhali usizijumlishe, kwa kuwa wapo waliomo katika makundi yote mawili. Nimeona watu wakizijumlisha katika mada rasmi mbele ya hadhira, na hadhira ikiandika.

Jambo jingine ambalo husahaulika ni kwamba idadi ya watu wenye ugonjwa si sawa na idadi ya watu wanaougua upya kila mwaka. Fikiria shule: wanafunzi waliomo wanaweza kuongezeka kwa sababu wanaoandikishwa wameongezeka, au kwa sababu wanaomaliza wamepungua. Mtu mwenye kisukari akipata matibabu mazuri huishi miaka mingi zaidi, na kila mwaka anaoishi anaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko ni habari njema iliyovaa sura mbaya. Sehemu nyingine inatokana na watu kuzeeka. Lakini hata baada ya kusawazisha tofauti za umri, watafiti wa NCD-RisC walikuta kwamba kiwango kimepanda kutoka takriban asilimia 7 mwaka 1990 hadi 14 mwaka 2022, hivyo uzee hauwezi kubebeshwa lawama yote.

Katika tafiti, tunamuuliza mtu kwanza, "Je, umewahi kuambiwa na mhudumu wa afya kwamba una kisukari?" Kisha tunampima. Wale waliojibu hapana na damu ikasema ndiyo ndio wanaoitwa wasiogunduliwa, na Shirikisho linawakadiria kuwa milioni 252, zaidi ya wanne kati ya kila kumi wenye kisukari. Ninakumbuka mwanamume mmoja aliyetukaribisha kwa ucheshi mwingi, akatuambia kwamba hajawahi kuumwa hata kichwa. Kifaa kikasoma 17. Alikuwa ameweka jagi la maji kando ya kiti chake, akimimina na kunywa wakati wote tuliokuwa tukizungumza, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona jagi lile mpaka baada ya kuiona nambari.

Nyongeza ndogo kwa waandishi wa habari wanaopita hapa: kisukari hakina "kiwango cha maambukizi", kwa sababu hakiambukizi. Semeni kiwango cha ugonjwa, inatosha.

---

Maabara Mstaafu anajibu:

Nichukue la kipimo.

Ndugu, karatasi yako na daktari wako wote wako sahihi, kila mmoja kwa rula yake. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba sukari ya kufunga imepanda kuanzia milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita. Chama cha Kisukari cha Marekani nacho kilikuwa na mpaka huohuo wa 6.1, kisha mwaka 2003 kikaushusha hadi 5.6. Wewe mwenye 5.8 umeketi katikati ya rula hizo mbili, mahali ambapo kwa mmoja uko kawaida na kwa mwingine uko kabla ya kisukari. Kwa wanaotumia miligramu, 5.8 ni takriban 104 kwa desilita, na mipaka hiyo miwili ni 110 na 100. Mpaka wa kisukari chenyewe, yaani 7.0 au 126, haubishaniwi.

Utaona mara moja kwa nini takwimu za hali ya kabla ya kisukari zinayumba kuliko za kisukari. Kati ya 5.6 na 6.0 wamejazana watu wengi sana, na ukisogeza mpaka kwa nusu ya milimoli, mamilioni ya watu wanalala wakiwa wazima na kuamka wakiwa na jina jipya.

Sasa niseme mambo ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya majibu. Kufunga maana yake ni saa zisizopungua 8 bila chakula wala kinywaji chochote isipokuwa maji. Baada ya damu kutolewa, chembe zilizomo ndani ya kichupa zinaendelea kula glukosi. Kichupa kikiachwa mezani bila kutenganishwa, sukari inaweza kushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Ndiyo maana hutumika kichupa chenye kifuniko cha kijivu, ambacho kina dawa ya kupunguza kasi ya ulaji huo, ingawa hata hicho hakizuii upotevu wa saa ya kwanza. Nimefanya kazi mahali ambapo sampuli za asubuhi zilisubiri hadi adhuhuri kwa sababu mashine ilikuwa moja na foleni ndefu, na sina shaka kwamba baadhi ya watu tuliowaandikia 6.8 walikuwa wameingia mlangoni na 7 na ushei. Kile kifaa kidogo cha kidole ni kizuri kwa mgonjwa anayejifuatilia, lakini si cha kutangazia mtu ugonjwa.

HbA1c nayo ina uzuri wake, kwa kuwa haihitaji kufunga na inaonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Kwa kipimo hiki, Chama cha Marekani kinaita asilimia 5.7 hadi 6.4 kuwa hali ya kabla ya kisukari. Kasoro yake ni kwamba inategemea umri wa chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi takriban siku 120. Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu, au aliyeongezewa damu hivi karibuni, au aliyepoteza damu nyingi, au mjamzito, anaweza kupata nambari isiyomwakilisha. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha bila sukari kuwa na hatia yoyote.

Ushauri wangu kwako: omba kipimo cha kunywa glukosi. Unafika ukiwa umefunga, unatolewa damu, unapewa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji, unazimaliza ndani ya dakika 5, kisha unakaa kwa utulivu saa mbili bila kutembeatembea wala kuvuta sigara, na unatolewa damu tena. Ni kinywaji kitamu hadi kinakera, na wengine hupata kichefuchefu. Lakini ni kipimo kinachouliza swali ambalo sukari ya kufunga haiulizi, yaani mwili wako unafanya nini unapobebeshwa mzigo. Majibu ya saa mbili yakiwa chini ya 7.8 ni kawaida, 7.8 hadi 11.0 ni hali ya kabla ya kisukari, na 11.1 au zaidi ni kisukari. Katika mipaka hiyo, Shirika la Afya Duniani na Wamarekani hawatofautiani.

---

Muuguzi wa Kliniki anajibu:

Kaka yangu, mimi nitajibu la vihatarishi, na nitaanza kwa kukukosoa kwa upole. Kilo 83 kwa sentimita 174 zinakupa uwiano wa uzito na urefu wa 27.4, na kiwango cha kawaida kinaishia chini ya 25. Kwa watu wenye asili ya Asia, wataalamu wengi huanza tahadhari mapema zaidi, kwenye 23, kwa sababu hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo. Kwamba hakuna aliyekuita mnene inaonyesha tu kwamba macho ya watu wanaokuzunguka yamezoea.

Hata hivyo, uzito wenyewe si msemaji mkuu. Cha msingi ni mahali mafuta yalipokaa. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio hayana madhara makubwa kwa sukari. Yanayoleta taabu ni yale yaliyojificha tumboni, yanayozunguka matumbo na kuingia ndani ya ini. Ini lenye mafuta huacha kuitii insulini, likaendelea kumwaga glukosi katika damu usiku kucha wakati hakuna aliyeiomba. Misuli nayo, ambayo ndiyo ghala kubwa la glukosi baada ya mlo, ikiwa haitumiki hufunga milango. Kongosho hulipa tofauti kwa kutoa insulini zaidi na zaidi, na kwa miaka kadhaa nambari za maabara zinaweza kuonekana nzuri kabisa kwa sababu kongosho linafanya kazi ya watu wawili. Sukari huanza kupanda pale linapochoka. Utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza ulionyesha kwamba siku mtu anapoambiwa ana kisukari aina ya 2, uwezo wa zile seli zinazotengeneza insulini unakuwa umekwisha kupungua kwa takriban nusu. Kwa hiyo ugonjwa huu hauanzi siku ya kugunduliwa, kama vile nyumba haianzi kuoza siku dari linapoanguka.

Njia rahisi ya kujichunguza, ambayo hata mamlaka ya miongozo ya tiba ya Uingereza inaipendekeza, ni kuhakikisha kwamba mzunguko wa kiuno haufiki nusu ya urefu wako. Kwako wewe nusu hiyo ni sentimita 87. Pima usawa wa katikati kati ya mbavu za mwisho na nyonga, baada ya kutoa pumzi, wala usivute tumbo ndani, kwa sababu hapo hudanganyi mtu mwingine.

La mama yako ni zito pia. Mwenye mzazi mmoja aliye na kisukari aina ya 2 hukadiriwa kuwa na uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kukipata katika maisha yake, na akiwa na wazazi wote wawili unakaribia asilimia 70. Sehemu ya urithi huo ni vinasaba, na sehemu nyingine ni kwamba watoto hurithi pia jiko, ratiba ya kulala na kiti cha kukalia.

Umri ni kihatarishi ambacho hakuna anayekikwepa. Kule Marekani, karibu watu 3 katika kila 10 wenye miaka 65 na zaidi wana kisukari, na karibu nusu ya watu wote wa umri huo wako katika hali ya kabla ya kisukari. Ndiyo maana miongozo yao inataka kila mtu apimwe kuanzia miaka 35 hata kama hajisikii lolote, na kabla ya hapo ikiwa ana uzito uliozidi pamoja na kihatarishi kingine, kama vile shinikizo la juu la damu, ndugu wa karibu mwenye kisukari, au mafuta ya damu yasiyo sawa.

Vingine nitavitaja kwa haraka. Uvutaji wa sigara huongeza uwezekano wa kisukari aina ya 2 kwa asilimia 30 hadi 40, jambo ambalo wavutaji wengi hawajui kwa sababu wameonywa juu ya mapafu tu. Usingizi mfupi wa muda mrefu nao umehusishwa. Dawa jamii ya steroidi, zikitumiwa kwa wiki au miezi, hupandisha sukari, na vivyo hivyo baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, ingawa hakuna anayepaswa kuziacha bila kuzungumza na aliyemwandikia. Alama nyeusi zenye ngozi nene kama mahameli nyuma ya shingo au kwapani mara nyingi ni insulini inayozidi ikijionyesha kwenye ngozi. Watu huzisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, na nimeona shingo zilizochubuka kwa sababu hiyo.

Kuhusu kula sukari: sukari ya kijikoni haigeuki moja kwa moja kuwa ugonjwa wa kisukari, licha ya jina. Vinywaji vyenye sukari vinastahili lawama yao, kwa kuwa mtu hunywa nguvu nyingi bila kushiba, lakini nimepokea wagonjwa wengi ambao hawajawahi kupenda vitu vitamu. Wao hukasirika zaidi, kwa sababu walidhani wamelipa ada tayari.

---

Mama Mapacha anajibu:

Nashangaa hakuna aliyetaja kisukari cha mimba. Mimi nilikuwa nacho, nikajifungua salama, sukari ikarudi chini, na nikaambiwa, "Umepona, nenda nyumbani." Miaka sita baadaye nilikwenda kwa sababu ya macho kuona ukungu na nikakutwa na kisukari kamili. Je, haya mambo mawili yanahusiana, au nilikuwa na bahati mbaya tu?

---

Muuguzi wa Kliniki anajibu:

Dada, pole sana, na umenirekebisha kwa haki. Yanahusiana moja kwa moja. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano unaofikia takriban mara 10 wa kupata kisukari aina ya 2 baadaye, akilinganishwa na mwenzake ambaye sukari yake ilikuwa sawa wakati wa ujauzito. Ujauzito huongeza ukinzani dhidi ya insulini kwa kila mwanamke; kongosho lililoshindwa kumudu mzigo huo limetoa taarifa mapema. Alipaswa kukwambia mtu kwamba upimwe tena kwa kipimo cha kunywa glukosi wiki chache baada ya kujifungua, kati ya ya 4 na ya 12, na kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3 maisha yako yote, hata kama majibu ya kwanza ni mazuri. Neno "umepona" halikuwa neno la kutumia.

---

Asiyeamini Haraka anajibu:

Niruhusiwe kuwa mkaidi. Kama mpaka unaweza kushushwa mwaka 2003 na chama kimoja, na theluthi nzima ya watu wazima wa nchi wakaingia ndani yake, je, hatujatengeneza ugonjwa kwa kalamu? Mtu mwenye 5.8 anaishi kwa hofu, ananunua vifaa, anapimwa kila mwezi, na wengi wao hawatapata kisukari kamwe. Nataka kuona ushahidi kwamba kumwita mtu hivyo kunamsaidia.

---

Mpimaji wa Kaya anajibu:

Ndugu Asiyeamini Haraka, hoja yako ina nguvu kuliko unavyodhani, na kwa nusu yake nakubaliana nawe. Hali ya kabla ya kisukari si ugonjwa, ni daraja la uwezekano, na uwezekano wa mtu wa 5.7 si sawa na wa mtu wa 6.8 hata kama wote wamepewa jina moja. Wengi hubaki hapohapo kwa miaka, na baadhi hurudi kwenye viwango vya kawaida bila hata kuambiwa lolote.

Nusu nyingine siikubali, kwa sababu ushahidi upo, ila ni lazima tuangalie ulikusanywa kwa watu gani. Katika mji wa Da Qing nchini China, mwaka 1986, watu 577 ambao sukari yao ilibaki juu baada ya kunywa glukosi waligawanywa katika makundi, baadhi wakasaidiwa kubadili ulaji au mazoezi au vyote viwili kwa miaka 6, na wengine wakaachwa na huduma ya kawaida. Walifuatiliwa kwa miaka 30: waliosaidiwa walichelewa kupata kisukari kwa takriban miaka 4, na vifo vyao vya magonjwa ya moyo na mishipa vilikuwa pungufu kwa theluthi. Nchini Finland, na kisha Marekani mwaka 2002 kwa washiriki 3,234, matokeo yalifanana kiasi cha kushangaza: mabadiliko ya mwenendo yalipunguza kisukari kwa asilimia 58. Katika utafiti wa Marekani, kati ya kila watu 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 11 walipata kisukari kila mwaka. Kwa waliopewa metformini, dawa ya kushusha sukari, walikuwa takriban 8, na kwa waliobadili mwenendo walikuwa takriban 5.

Lakini zingatia kwamba tafiti zote hizi tatu ziliwachukua watu waliofeli kipimo cha saa mbili. Hakuna iliyomchukua mtu kwa sababu tu ya 5.8 ya asubuhi. Ndiyo maana ninaunga mkono ushauri wa Maabara Mstaafu: kabla Ndugu Msomaji hajajiita chochote, ajue yuko kundi gani. Na ya kupimwa kila mwezi hayamo katika mwongozo wowote wa hali ya kabla ya kisukari. Mara moja kwa mwaka hutosha.

---

Msomaji wa Jioni anarejea:

Ndugu zangu, nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilianza na kiuno. Sikuwa na futi ya fundi, kwa hiyo nilikata kamba sawasawa na urefu wangu, nikaikunja katikati, nikaizungusha tumboni juu kidogo ya nyonga. Ncha hazikukutana. Pengo lililobaki lilitosha kupitisha vidole vinne vilivyoshikana. Nilitoa pumzi tena, nikajaribu tena, na pengo halikuwa na huruma.

Kisha nikaenda kunywa ile glukosi. Maabara Mstaafu hakutia chumvi kuhusu utamu wake. Nilikaa saa mbili kwenye benchi nikitazama saa ya ukutani, na nimepata majibu haya: ya kufunga 5.9, ya saa mbili 8.4, na HbA1c asilimia 5.6. Mtu angeniangalia kwa HbA1c peke yake angeniambia niende zangu. Je, nimeyasoma sawa?

---

Maabara Mstaafu anajibu:

Umeyasoma sawasawa. HbA1c inasema kawaida, sukari ya kufunga imebaki katikati ya rula mbili, na 8.4 iko kabla ya kisukari kwa rula zote. Rudia kipimo hicho baada ya mwaka, mahali palepale ikiwezekana, maana kipimo cha saa mbili huyumba kidogo kati ya siku na siku hata kwa mtu yuleyule.

---

Muuguzi wa Kliniki anajibu:

Kaka, sasa ule ushahidi wa asilimia 58 unakuhusu wewe hasa. Walichotakiwa kufanya washiriki wa Marekani ni mambo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, na kutembea kwa mwendo wa haraka au kufanya zoezi linalolingana na hilo kwa dakika 150 kwa wiki. Waligawanya dakika hizo wapendavyo, na hakuna aliyetakiwa kukimbia. Metformini katika utafiti ule iliwasaidia zaidi vijana, wenye unene mkubwa na wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba, kwa hiyo kwako daktari huenda asianze nayo. Upimwe pia shinikizo la damu na mafuta ya damu, kwa kuwa vitu hivi hutembea pamoja.

---

Msomaji wa Jioni anarejea:

Ahsanteni sana nyote. Nimepiga hesabu ya asilimia 7 ya kilo 83, na jibu ni kilo 5.8. Nambari ileile imenifuata hadi huku. Kamba nimeitundika nyuma ya mlango, na mdogo wangu mwenye miaka 38, ambaye mama yetu ni mmoja, ameniomba aijaribu Jumapili.